Waya wa Tatu na Zamu ya Mfereji

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitie mkono wa kushoto mfukoni na nisiutoe mpaka nitakapoambiwa. Nilikuwa nimevaa kaptula ya khaki niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, na fundi cherehani alikuwa amebania kitambaa, kwa hiyo mfuko ulinikaba kiganja. Nilizunguka karakana kutwa nzima kwa mkono mmoja, nikafungua skrubu kwa mkono mmoja, nikapanda ngazi kwa mkono mmoja, na wenzangu wakanicheka bila kujificha.

"Wewe iko na mikono miwili," akaniambia Fundi Mkuu. "Umeme napenda mikono miwili. Naingia huku, natoka huku, katikati iko roho yako. Basi moja weka mfukoni."

Nyinyi vijana mnaosomea umeme siku hizi mnachorewa jambo hilo ubaoni, na ni vizuri. Mimi nilifundishwa kwa mfuko wa kaptula. Mpaka nastaafu, nikiikaribia bodi yenye moto, yaani yenye umeme ndani yake, mkono wa kushoto ulikuwa unajipeleka mfukoni wenyewe. Nimeombwa na walimu wa chuo cha ufundi niwaelezee jinsi kazi hii ilivyofanywa zamani za Mwingereza hapa Arusha, na nimekubali kwa furaha, maana nina watu wa kuwashukuru na wengi wao hawapo tena.

Wa kwanza ni huyo Fundi Mkuu. Alikuwa Singasinga wa makamo, mzaliwa wa Moshi, mwenye kilemba cha rangi ya majivu na miwani aliyoifunga kwa uzi upande mmoja. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Wahindi, na ukiingia ulipokewa na harufu ya mpira, ya grisi na ya chai ya maziwa. Nyumbani kwake walisema Kipunjabi. Kwetu tulisema Kimeru, na Kiswahili mimi nilikipata shuleni kwa wamisionari, kikaongezwa na sokoni. Hivyo tulikutana katika lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yetu, na sikumbuki siku tuliyoshindwa kuelewana. Alikuwa mkali. Akiona waya umemenywa ovyo aliukata wote na kukurudisha mwanzo, hata kama jua linazama. Lakini hakumpiga mtu wala kumtukania wazazi, na zama zile mabosi wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Nduruma, kwenye shamba kubwa ambalo Meneja wake alitaka taa katika ghala. Huko nilijifunza nguzo: kuchimba, kusimamisha, kuvuta waya usilegee wala usikaze mno. Meneja alikuwa na kawaida ya kusimama chini ya ngazi na kunielekeza kazi asiyoijua, nami nikawa namjibu "Ndiyo, Bwana" na kufanya nilivyofundishwa. Baadaye nilipelekwa Momela, kwenye nyumba ya mlowezi mmoja aliyekuwa na mtambo mdogo unaozungushwa na maji ya kijito. Kule shida haikuwa umeme bali nyati. Walizipenda nguzo zetu kwa kujikunia, na asubuhi tulikuta nguzo imeinama na mnyama bado yuko palepale, anatutazama kama sisi ndio wageni. Tulisubiri ajisikie kuondoka.

Kisha nikapelekwa Oldonyo Sambu, upande wa mlima usiopata mvua ya kutosha, na huko ndiko nilikojifunza ethi. Niieleze, kwa sababu habari yangu yote inaitegemea. Umeme unaingia kwenye chombo kwa waya mmoja na kurudi kwa wa pili. Waya wa tatu, ambao sisi mafundi tunauita ethi, hauna kazi siku zote. Umefungwa kwenye bati la chombo upande huu, na upande wa pili umefungwa kwenye shaba iliyozikwa ardhini. Siku waya wa ndani ukikatika na kugusa bati, umeme unakimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi inaungua, kila kitu kinazima. Bila ethi, bati linakaa na moto wake kimya, likimsubiri mtu aje aliguse. Ila ardhi yenyewe lazima ikubali kupokea, na ardhi kavu haipokei. Kule Oldonyo Sambu udongo ni majivu ya mlima na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Tulipigilia fimbo za shaba mpaka mikono ikavimba, na mshale wa kipimo ukagoma kusogea tulikotaka. Tuliishia kuchimba mashimo makubwa na kuyajaza mkaa na chumvi, vitu vinavyoshika unyevu. Upande ule ulitufundisha kuogopa udongo mkavu. Haukutufundisha kuogopa udongo mbichi.

Nilikuwa nimeshafikia daraja la fundi anayeaminiwa kuachiwa kazi peke yake wakati tulipopewa ile nyumba. Ilikuwa upande wa mashariki ya mji, juu kidogo ya barabara ya Moshi, imejengwa kwa mawe na mlowezi wa zama za Mjerumani. Wamisionari walikuwa wameipata na wanataka kuifanya kituo cha kujifungulia akina mama. Waya za mjini zilikuwa zimeshafikishwa maeneo hayo kwa ajili ya mashamba ya kahawa, na nyumba ilikuwa na umeme wa kizamani: nyaya mbili mbili zilizopita ndani ya mifereji ya mbao ukutani, na soketi za matundu mawili tu. Waya wa tatu haukuwepo popote. Kwa mtu anayewasha taa ya kusomea, nyumba ile ingeweza kuendelea hivyo miaka mingi.

Lakini pale paliletwa birika la kuchemshia vyombo vya uzazi. Lilikuwa sanduku la bati kutoka Ulaya, refu kama mkono, na koili ya umeme ndani ya maji. Mikasi na makoleo ya mkunga yalichemshwa humo. Mtumiaji wake alikuwa mtu mmoja, Bibi Mkunga, mwanamke wa kwetu Meru aliyesomea kazi hiyo hospitalini, mwembamba, mwenye sauti inayovuka mto. Kazi ya mkunga ni maji. Mikono yake imelowa, sakafu imelowa, na viatu amevivua mlangoni. Mtu wa namna hiyo, akisimama kwenye saruji iliyolowa na kushika bati lenye moto, haponi. Fundi Mkuu alitueleza hivyo kabla hatujashusha hata ngazi.

"Nyumba hii hapana fanya kwa ajili ya taa," alisema. "Fanya kwa ajili ya mikono ya huyu mama."

Basi tukaanza. Tulizima meinswichi, Fundi Mkuu akatia ufunguo wake mfukoni. Tulibandua mbao ukutani kwa tindo na tukakuta mpira wa nyaya umekauka, unapukutika ukiugusa, na panya wamefuma viota kwa uzi wake. Tulipitisha mabomba ya chuma, tukavuta nyaya mpya tatu tatu, na kila mahali palipokuwa na soketi ya matundu mawili tukaweka ya matatu. Hapa niwaonye jambo. Wapo mafundi, hata leo, wanaofunga soketi ya matundu matatu na kuliacha tundu la tatu tupu, halina waya nyuma yake. Mwenye nyumba analiona, anaamini amelindwa. Fundi Mkuu aliwahi kumfukuza mtu kwa kosa hilo, na siku hiyo alikasirika mpaka akarudi kwenye Kipunjabi. Kwake yeye ilikuwa afadhali matundu mawili, maana matundu mawili hayamdanganyi mtu.

Ikabaki kuizika shaba. Kando ya ukuta wa nyumba, upande wa jikoni, ulipita mfereji wa maji. Aliyekulia Meru ataniwia radhi nikieleza asichohitaji kuelezwa. Maji yanatoka mlimani, yanaongozwa kwa mifereji iliyochimbwa na babu zetu, na yanagawiwa kwa zamu chini ya mzee wa mfereji. Kando ya mfereji ule udongo ulikuwa mweusi, laini, fimbo ya shaba ikazama kama kijiti kwenye uji. Fundi Mkuu alipima, mshale ukaenda pazuri mno, naye akacheka kwa furaha akikumbuka Oldonyo Sambu. Akaja Bwana Mkaguzi wa umeme, Mwingereza mrefu asiyepoteza maneno, naye akapima, akatikisa kichwa kukubali, akatia sahihi cheti. Kazi ikawa imekwisha. Daktari wa misheni akapanga sherehe ya ufunguzi na kumwalika Bwana DC.

Siku chache kabla ya sherehe tuligundua tumesahau ngazi ndefu kule. Fundi Mkuu akaendesha lori mwenyewe, nikakaa pembeni yake. Tulipofika, ngazi ilikuwa palepale ukutani, na mbuzi wawili walikuwa wamesimama ndani ya mfereji wakila majani ya ukingoni. Mfereji ulikuwa mkavu. Matope yake yalikuwa yameanza kupasuka.

"Maji iko wapi?" akauliza.

"Yamehama, Fundi. Wamefunga lango kule juu. Sasa ni zamu ya watu wa upande wa pili."

"Nafunga mpaka lini?"

"Inategemea mvua. Kiangazi kikiwa kikali wanaweza kuyaacha upande ule muda mrefu. Huku wanapewa kidogo kidogo tu ya kunywesha mifugo."

Nilimjibu kama mtu anayeulizwa kama leo ni soko. Tangu nizaliwe nimeona mifereji ikijaa na kukauka. Lango linafungwa kwa mawe, vipande vya mgomba na udongo, wazee wanagombana kidogo, maisha yanaendelea. Yeye alikuwa mtu wa mjini, wa maji ya bomba. Mimi nilijua zamu, yeye alijua ethi, na tulikuwa tumesimama bega kwa bega kando ya mfereji ule tukipigilia fimbo, kila mmoja amekaa na nusu yake. Alinitazama, akatazama fimbo yetu, na uso ukambadilika. Nami nikaelewa palepale.

Akatoa kipimo chini ya kiti cha lori. Mshale ukalala mahali pabaya kupita hata Oldonyo Sambu. Nami naomba mlielewe hili vizuri: ethi mbovu ni hatari kuliko kutokuwa na ethi kabisa. Bati zote za nyumba zimefungwa kwenye waya mmoja. Birika likiharibika na ardhi ikakataa kupokea, fyuzi haiungui, na moto ule unasambaa kwenye kila bati la nyumba, jiko, pasi na taa ya mezani ya chumba cha wazazi. Tulikuwa tumemjengea Bibi Mkunga nyumba inayolindwa wiki za maji tu.

Cheti kilikuwa kimetiwa sahihi. Hakuna aliyejua ila sisi wawili na wale mbuzi. Nilimwangalia Fundi Mkuu nikijiuliza atafanya nini, na nasema bila aibu kwamba niliogopa atanyamaza, kwa sababu leseni yake ndiyo iliyotulisha sote. Hakunyamaza hata dakika moja. Aliniambia niiache ngazi, tukaenda moja kwa moja kwa Daktari.

"Lakini Mkaguzi amepitisha," alisema Daktari, amesimama mlangoni na kalamu mkononi. "DC anakuja Jumamosi."

"Bwana Daktari, Mkaguzi napitisha mfereji. Mimi pia. Ardhi hapana mtu nayepima. Sasa mfereji nakwenda kwa watu wengine."

"Basi niwaombe waurudishe huo mfereji."

"Leo narudisha. Mwaka kesho je? Birika hii hapana washa, Bwana. Mimi nafanya tena, wewe hapana lipa kitu."

Daktari alikasirika, na nilimwonea huruma, alikuwa mtu mwema aliyechoka. Aliyekasirika zaidi ni Bibi Mkunga. Alikuwa ameahidiwa umeme, sasa anaambiwa akachemshe vyombo kwa kuni mbele ya wageni. "Mmekaa hapa mnagonga kuta zangu mpaka masikio yameniziba," alituambia, "halafu mnaondoka na moto wenyewe! Nyie ni mafundi wa kuwasha au wa kuzima?" Fundi Mkuu akainamisha kichwa, akatoa fyuzi ya soketi ya birika, akaitia mfukoni. Tukaenda tena kwa Bwana Mkaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho, masikio yakamwiva kwa hasira, akatuambia tutoke. Tulikaa siku kadhaa hatujui kama tuna leseni au hatuna.

Sasa tulihitaji mahali ambapo ardhi haikauki hata kiangazi. Nilipajua, kila mtu wa pale alipajua. Chini ya nyumba, bondeni, palikuwa na chemchemi ndogo na magimbi yamestawi mwaka mzima. Lakini chemchemi ina wenyewe, na huendi kuchimba pale bila ruhusa ya mzee wa mfereji. Nilimwambia Fundi Mkuu atume mtu na kibuyu cha pombe ya ndizi kama ilivyo desturi. Akasema hatumi mtu. Alikwenda mwenyewe, kibuyu amekishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na wazee waliokaa uani wakageuka kumtazama.

"Shikamoo, Mzee," nikaanza, kisha nikataka kueleza kwa Kimeru.

"Marahaba. Mwache aseme mwenyewe," akanikatiza mzee. "Kiswahili nakisikia."

"Mzee," akasema Fundi Mkuu, "mimi naomba zika bamba la shaba kwa magimbi. Ardhi yake nalowa siku zote."

"Na huo umeme utakunywa maji yetu?"

"Hapana kunywa, Mzee. Nakaa tu."

"Kitu kinachokaa kwenye unyevu bila kunywa sijakiona mimi. Hata chura anakunywa." Wazee wakacheka, naye akawaacha wamalize. "Haya. Na ng'ombe wangu akisimama juu ya hicho kitu siku umeme umekasirika, inakuwaje?"

Baadaye Fundi Mkuu aliniambia kuwa swali hilo hilo lingefaa kuulizwa kwenye mtihani wa leseni. Akasema bamba litazikwa chini sana, mbali na mahali pa kunyweshea, na kuzungushiwa uzio.

"Uzio utaoza," akasema mzee. "Tutapanda masale. Masale hayafukuliwi na mtu." Mmea huo, kwetu na kwa Wachaga, ni alama ya mpaka na ya amani, hata mwizi anauzunguka. Kisha mzee akauliza jambo ambalo nadhani ndilo alilotaka kuuliza tangu mwanzo. "Mke wa mwanangu ana mimba. Huyo mkunga, chombo chenu kikimwua, nani atampokea mtoto?"

"Ndiyo maana mimi nakuja, Mzee," akasema Fundi Mkuu.

Tuliruhusiwa. Karani wa Stoo pale karakana, bwana mwenye maneno mengi kuliko misumari, alipotuona tunabeba magunia ya chumvi na mkaa akauliza ni ng'ombe gani tunayekwenda kumchoma bila yeye. Tulichimba kwa sululu na beleshi, matope mpaka magotini, tukalaza bamba la shaba katikati ya mkaa na chumvi, tukafukia. Kutoka pale tulichimba handaki mpaka ukuta wa jikoni na kupitisha waya mnene wa shaba usio na kiungo. Mzee wa mfereji alikuja na miche ya masale akaipanda kwa mkono wake. Tulipima siku hiyo, mshale ukaenda pazuri mpaka hatukuamini. Tulirudi kupima kila tulipopita njia ile, mfereji ukiwa na maji na ukiwa mkavu, na mshale ukakaa palepale.

Halafu, kiangazi kikiwa kimepamba moto, tulimkuta Bwana Mkaguzi mwenyewe katikati ya magimbi, amekunja suruali, viatu ameviweka kwenye jiwe, anazungusha mkono wa kipimo chake. Hakusema habari ya leseni. Alisema, "Kuanzia sasa, sipimi ethi popote Meru kabla sijauliza maji ni ya nani wiki hii." Fundi Mkuu akamrudishia Bibi Mkunga fyuzi yake.

Kituo kikafanya kazi. Watoto wakazaliwa, akiwemo mjukuu wa mzee wa mfereji, na sisi tukapelekwa kwenye kazi nyingine. Msimu mwingine wa kiangazi, asubuhi moja, lori la misheni likasimama mbele ya karakana kwa kishindo na Bibi Mkunga akashuka kabla halijatulia. Alikuwa bado amevaa aproni ya kazi.

"Mafundi wa kuzima, mpo?" alianza mlangoni. "Birika lenu limezima, na mama alikuwa kitandani anasukuma! Taa zinawaka, birika limekufa! Imenibidi nichemshe mikasi kwa kuni kama bibi yangu!"

Sote tukasimama. Fundi Mkuu aliweka chini kikombe chake cha chai. "Mtoto?"

"Mtoto mzima, mama mzima, si kwa msaada wenu."

"Bibi, birika ilipozima, wewe nashika?"

"Sasa nisilishike? Nimelishika kwa mikono yote miwili, nimetoka kunawa, nikalitikisa nione lina nini."

"Nasikia kitu? Mkononi?"

"Nisikie nini, Fundi? Nakuambia limezima!"

Fundi Mkuu akakaa juu ya gurudumu la kuzungushia waya lililokuwa karibu. Akavua miwani, akafuta macho kwa kitambaa, na alichukua muda kuivaa tena. "Pole, Bibi," akasema. "Kosa letu. Leo hii nakuja tengeneza." Akaendelea kukaripiwa, anaitikia "ndiyo, Bibi" kwa kila neno, mpaka yule mama mwenyewe akashangaa na kupungua sauti.

Tulipolifungua birika tulikuta koili imepasuka na kulalia bati. Moto wote ulikuwa umeingia kwenye bati lile ambalo mikono yake yenye maji ililishika. Ulikuwa umeshakimbilia bondeni kwenye magimbi na kuunguza fyuzi kabla hajafika kulitikisa. Mfereji wa kando ya nyumba, siku ile, ulikuwa mkavu kabisa. Nilimwuliza Fundi Mkuu kama tumweleze. Akasema, "Yeye nafanya kazi yake hapa kila siku. Mwache aipende nyumba yake." Tukabadilisha koili na fyuzi, tukapima, tukaondoka.

Baada ya Uhuru nilifanya kazi serikalini, nikawa msimamizi, nikawafundisha vijana wengi kutia mkono mfukoni. Nimekuwa na mabosi wa vyeo vikubwa na nimewaheshimu. Lakini ninapoulizwa ni nani aliyenifanya fundi, namtaja yule aliyerudi kwa Daktari siku ambayo hakuna aliyemlazimisha. Alifariki akiwa Moshi, nami nilikuwepo kwenye mazishi yake, nikalia kama nimefiwa na baba. Nawaambia vijana kwamba kazi yetu ikifanywa sawasawa, malipo yake ni watu wanaolalamika kuwa kitu kimezima. Waacheni walalamike. Wajibuni vizuri.

Bibi Mkunga naye amestaafu, na tunasali kanisa moja. Ni mzee sasa, mkongojo mkononi, sauti ile ile. Kila Jumapili akinikuta mlangoni anawaambia waliosimama naye, "Huyu ndiye fundi wangu wa kuzima," na watu wanacheka. Nami namwambia, "Samahani, Mama," na naingia kukaa benchi la nyuma yake, kwa makusudi, nimsikie akiimba.